Jani Lililokuwa na Kwikwi

Marietha alirudishwa kwa mara ya pili akiwa ameshavaa gauni la upasuaji, lile la kijani linalofungwa kamba nyuma na kuacha mgongo mzima ukipigwa na upepo. Nesi Stumai alimviringishia mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akaminya mpira, akatazama, akaminya tena kana kwamba kipimo ndicho chenye makosa. Kisha akakifungua taratibu.

"Mama, ni mia na tisini kwa mia na kumi. Kwa hali hii daktari hawezi kukulaza mezani."

"Nyumbani haikuwa hivyo."

"Najua. Nyumbani inashuka, ukifika hapa inapanda. Unaogopa, mama yangu."

"Nani anaogopa?" Sauti ya Marietha ilifika hadi kitanda cha mwisho cha wodi. "Mimi nimezaa watoto sita, wawili nikiwa shambani na jembe mkononi!"

Nesi Stumai alimweleza tu yale aliyopaswa kumweleza: madaktari bingwa waliokuja na kambi yao wangeondoka Ijumaa ya wiki inayofuata, na jina lake lingewekwa siku hiyo ya mwisho. Ikishindikana tena, angesubiri kambi nyingine, na hapakuwa na mtu aliyejua kambi nyingine ingekuja lini. Uvimbe uliokuwa tumboni mwake ulikuwa unamnyonya damu mwezi hadi mwezi, viganja vyake vimeshakuwa vyeupe kama vya mtu aliyeshinda akikanda unga. Mwili ule haukuwa wa kusubiri.

"Endelea na vidonge," alisema Nesi Stumai akimsaidia kufungua kamba. "Na utulize akili."

Utulize akili! Daktari alimwambia hivyo, mumewe Mughwai alimwambia hivyo, hata kondakta wa basi la kurudi Issuna, aliyesikia habari bila kuulizwa, naye alimwambia hivyo. Kila mtu alimshauri atulie kana kwamba utulivu unauzwa dukani na yeye Marietha ni bahili tu, hataki kwenda kununua.

Aliposhuka pale Issuna, kitenge kikiwa kimefungwa juu ya tumbo lililojaa, wauza vitunguu waliacha kupanga mafungu yao. Mmoja wao, mwanamke aliyewahi kuazima ungo kwake na kuurudisha umetoboka, alimkagua kuanzia juu mpaka chini.

"Mama Chrispin! Mbona umerudi nalo? Au madaktari wamekuta ni mapacha?"

Wakacheka. Marietha alicheka nao, akapita akiwa ameinua shingo, na alipofika kwake akaingia ndani na kukaa kitandani bila kuvua viatu. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa sana. Kisu hakikumtisha kiasi hicho. Kilichomtisha ni kule kulazwa chali, kufunikwa shuka, na kuachiwa watu wengine wakifanya mambo asiyoyaona. Mwanamke huyu alikuwa hajawahi kumwachia mtu jambo hata moja. Mbegu za alizeti za ukoo mzima zilichambuliwa na yeye, kwa sababu mbegu iliyooza isingeweza kupita mbele ya jicho lake. Akialikwa harusini, kabla hajakaa alikuwa ameshaona sufuria lisilosuguliwa na bibi harusi aliyevaa hereni zisizofanana. Jicho lake lilikuwa na kazi tangu asubuhi hadi jioni, na ndiyo maana lilipokosa kazi, pale mlangoni mwa chumba cha upasuaji, lilimgeukia mwenyewe.

*

Katika nyumba ile alikuwamo Damari, mke wa mwanawe Chrispin. Chrispin alikuwa kibaruani Itigi, kwenye reli, na alikuwa anarudi mwisho wa mwezi. Damari alibaki na wakwe zake, na mbali na kuchota maji na kupika alikuwa na shughuli nyingine iliyomkera mama mkwe wake kupita kiasi. Alikuwa anachora kwenye simu. Alichora maduara yaliyojaa majani, nukta na mapambo, duara ndani ya duara, halafu akayafanya yatembee, yaani yanafunguka, yanazunguka, yanajifunga, yanaanza upya. Mwenyewe aliyaita mandala, neno la Kihindi. Alijifunzia chuoni Dodoma, na mama mmoja wa Arusha mwenye nyumba ya wageni alikuwa anayanunua. Wageni wake walikuwa wanakaa kimya mbele ya ukuta, wakiyaangalia ili wapumzike.

"Watu wazima," Marietha alipenda kusema, "wana mikono na miguu, wanakaa kuangalia maua yasiyonuka."

Agripina, wifi yake, dada wa Mughwai, alikuwa na neno kali zaidi. "Hao ni frimasoni, wifi. Angalia katikati pale. Hilo ni jicho, linakuangalia."

"Shangazi, hilo si jicho," Damari alisema. "Hilo ni ua la alizeti. Nimelichora kutoka shamba letu hili hili."

"Alizeti gani inazunguka?"

Siku ya tatu baada ya kurudi kwa Marietha, Damari alipiga moyo konde. Alisubiri mama mkwe amalize kula, akapiga goti kumnawisha, akasema, "Mama, naomba ujaribu kitu changu. Si dawa, na vidonge vyako utaendelea kumeza. Ni kuangalia tu. Ua likifunguka unavuta pumzi, likijifunga unaitoa."

"Kupumua nilianza kabla hujazaliwa."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe Damari unataka kunifundisha."

Mughwai, ambaye kwa kawaida alikuwa anaiacha midomo ya wanawake iende inakokwenda, alikohoa. "Mama Chrispin, angalia. Ukifumba macho hakuna atakayekudai." Mkewe aliona jinsi anavyolikwepa tumbo lake kwa macho, akajua kuwa mzee naye halali vizuri siku hizi. Akaipokea simu kwa vidole viwili.

Ua lilifunguka. Majani ya njano, majani mekundu, mstari wa nukta nyeusi kama mbegu. Lilifunguka polepole, likatua, likaanza kujifunga. Marietha alikuwa ameshaanza kutafuta neno la kulimaliza jambo hilo alipokiona kitu. Jani moja, upande wa kulia, lilikuwa linasita. Mengine yote yalijifunga kwa pamoja, lakini lile lilifika katikati ya safari, likashtuka kidogo kama mtu mwenye kwikwi, halafu likayakimbilia mengine. Akasubiri ua lifunguke tena aone kama macho yake yamemdanganya. Hayakumdanganya. Jani lile lile, pale pale. Akasubiri tena.

"Mama?" Damari aliuliza. "Chai yako inapoa."

Marietha alishtuka. Chai ilikuwa na utando juu. Akairudisha simu na kusema, "Nimeangalia. Haya, nimeona," akainuka kwenda kuwafungia kuku.

Kesho yake alitafuta sababu. "Leta hiyo simu yako nijue ni saa ngapi." Alikaa na ile saa kwenye kivuli cha ghala mpaka kivuli kikahama. Keshokutwa alisema anataka kuona kama Chrispin amepiga. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, anavuta pumzi, anatoa, macho yameganda kwenye lile jani akilingojea kosa lake, na kila likikwama kitu fulani kifuani kwake kilikuwa kinalegea. Hakumwambia mtu. Alipokwenda zahanati kupimwa, mhudumu alimpima mara moja tu na kusema presha ni nzuri, aendelee hivyo hivyo. Marietha alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Lakini Agripina alikuwa na tabia ya kuingia uani bila hodi. Alimkuta wifi yake amekaa na simu mapajani, mdomo umeachama kidogo.

"Eh! Wifi! Na wewe wamekuingiza?"

Damu ilimpanda Marietha usoni. Damari alikuwa hatua chache tu, anatua ndoo ya maji, na Marietha alimwona vizuri. Hata hivyo mdomo ulikuwa umeshatoka mbio.

"Wameniingiza wapi? Nakagua alivyoharibu. Tazama, jani moja linakwama kama mbuzi mwenye mguu mbovu. Na kazi hii anaipeleka Arusha, kwa watu! Ningekuwa mimi ningeona aibu."

Agripina alicheka mpaka akashika kiuno. Damari aliinamisha kichwa, akayatazama maji yaliyokuwa bado yanachezacheza ndani ya ndoo.

"Samahani, Mama," alisema. "Sikuwa nimeliona. Nitalirekebisha."

Jioni ile uji ambao Damari alimpikia Marietha ulikuwa mtamu kama siku zote, na hilo lilimuuma kuliko kama ungeungua.

*

Ijumaa walifika hospitali asubuhi, Marietha akiwa hajaweka kitu mdomoni. Mughwai alibaki nje na wanaume wengine. Wodini waliingia Damari na Agripina, kila mmoja upande wake wa kitanda, na Agripina alikuwa amekuja na chupa ya chai ambayo mgonjwa hakuruhusiwa kuigusa, akawa anainywa mwenyewe.

Nesi Stumai alileta gauni la kijani. "Kuna mmoja mbele yako, Mama. Akitoka yeye, unaingia wewe. Wewe ndiye wa mwisho, halafu wageni wetu wanafunga mizigo. Nitakupima sasa hivi, halafu nitarudi kukupima kabla ya kuingia. Tuliza akili."

Mara ya kwanza kipimo kilikuwa juu, ila si juu mno. Marietha alinyoosha mkono bila kumwangalia mtu, na Damari akamwekea simu kiganjani.

"Nimelirekebisha, Mama," alinong'ona, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. "Angalia sasa."

Ua lilifunguka. Likatua. Likajifunga. Majani yote yalikwenda kwa pamoja, laini, hakuna lililosita, hakuna lililochelewa. Likafunguka tena, zuri ajabu, na jicho la Marietha likazunguka duara lote kutafuta pa kushika, likakosa. Akatazama pembeni. Aliona toroli lenye magurudumu yaliyopinda, aliona ndoo yenye pamba zilizotumika, akasikia mlango wa mwisho wa korido ukifunguliwa na kitu cha chuma kikianguka ndani. Moyo ukaanza kumpiga hadi masikioni. Akarudisha macho kwenye simu. Ua halikuwa na kasoro yoyote.

"Wifi, mbona unatoka jasho?" Agripina aliuliza. "Nilisema mimi. Nilisema hayo madude."

Nesi Stumai alisikia, akaja na kipimo. Aliminya mpira, na safari hii hakurudia. "Mia na themanini na tano. Mama yangu, mama yangu." Alitazama saa ukutani. "Huyu aliyeko ndani hajamaliza. Nikirudi iwe imeshuka, la sivyo nitakuvua gauni kwa mikono yangu mwenyewe. Sipendi, lakini ndiyo hivyo."

Marietha aliiona stendi ya Issuna. Aliwaona wauza vitunguu wakiacha mafungu yao. Aliyaona na mengine ambayo hakutaka kuyaona, Mughwai amekaa peke yake kwenye kigoda, watu wakija na kumpa mkono bila kusema kitu. Akajua kwamba kati yake na kupona kwake kulikuwa na maneno machache tu, na kwamba itabidi ayaseme mbele ya Agripina, mbele ya wodi nzima.

"Damari."

"Abee, Mama."

"Lirudishe lile jani."

"Jani lipi?"

"Lile bovu. Lenye kwikwi."

Damari alimwangalia bila kuelewa. "Mama, nimelifuta. Ulisema ni la aibu."

"Nilisema, ndiyo. Niliropoka." Agripina aliacha kunywa chai, kikombe kiko hewani. "Nilikuwa nakaa na hiyo simu kila siku, si kwa sababu ya saa wala ya Chrispin. Nilikuwa nalingojea lile jani likosee. Likikosea, nafsi inatulia. Haya maua yako mazuri hayanipi kazi, mwanangu. Nikikosa cha kuangalia nakiangalia kisu. Nilikusema vibaya mbele ya watu, na jani lenyewe ndilo lililokuwa linanishusha presha. Naomba ulirudishe."

Mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amelala akiwa amegeukia ukuta, aligeuka.

Machozi yalimlengalenga Damari, lakini hakuyapa nafasi. Alivuta stuli, akachomoa kalamu yake ya simu kutoka kwenye pindo la kitenge, akafungua mchoro. "Sikumbuki lilikuwa lipi, Mama. Yako mengi."

"Mimi nakumbuka." Marietha aliinuka akaegemea kiwiko. "Upande wa kulia. Siyo hilo. Shuka chini, lile lililo chini ya jekundu nene. Hilo. Sasa lisikwame mwanzoni, mwanzoni lilikuwa linakwenda vizuri."

"Hapa?"

"Bado. Acha lifike katikati. Hapo! Eh, umelikwamisha mno, hiyo si kwikwi tena, hicho ni kifafa."

Mama wa kitanda cha jirani alicheka, akashuka akaja na dripu yake mkononi kutazama. Wa kitanda cha tatu akauliza ni nini, akaambiwa, akasema kwa maoni yake jani la kushoto lingefaa zaidi. Marietha akamwambia la kushoto halina tabia hiyo. Damari aliondoa picha moja kati ya picha nyingi ndogondogo zilizolitembeza lile jani, akaonyesha, Marietha akakataa, akaondoa nyingine. Jani likashtuka, likawahi wenzake.

"Lilikuwa linashtuka kidogo zaidi ya hapo. Kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla."

"Hivi?"

"Karibu. Subiri, nionyeshe tena. Nyoosha huko mwanzo. Nesi, usiniguse kwanza mkono, niko kazini."

"Nimeshapima," alisema Nesi Stumai.

Wote wakageuka. Nesi alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, kile kitambaa kiko kwenye mkono wa kushoto wa Marietha, na haikujulikana ameingia saa ngapi. Alikuwa anatabasamu.

"Mia na arobaini na nane. Njoo twende, Mama, kabla haijabadili mawazo."

Agripina ndiye aliyepiga kigelegele, kikali, cha peke yake, mpaka akakemewa kutoka korido. Halafu, kwa sauti ndogo, akamuuliza Damari kama hilo dude linaweza kuingia kwenye simu ndogo kama yake, maana naye siku hizi moyo unamwenda mbio usiku. Damari akasema atamtafutia namna.

*

Simu haikuruhusiwa kuingia ndani. Marietha alimkabidhi Damari mlangoni, akamshika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akaingia kwa miguu yake. Toroli alilikataa. Alisema magurudumu yake yamepinda.

Yaliyotokea huko ndani aliyasimulia Nesi Stumai Jumapili, wodini, wakati Marietha anakunywa uji akijifanya hasikii, tumbo limelala chini ya shuka na Mughwai amekaa miguuni pake akitabasamu na kila apitaye. Nesi alisema watu wote walikuwa wameshavaa, taa zimewashwa, vyuma vimepangwa, na mgonjwa alipoingia alisimama katikati ya chumba akakataa kusogea. Wakadhani presha ndiyo hiyo inapanda tena. Daktari wa dawa ya ganzi alishaanza kutikisa kichwa.

Lakini Marietha alikuwa anatazama. Alitazama taa, akatazama meza, akatazama sinia la vyuma, akawatazama watu mmoja mmoja bila haraka. Alipofika kwa daktari bingwa mwenyewe alimzunguka hadi nyuma, akanyoosha kidole.

"Baba, kamba ya hicho kitambaa cha mdomo imelegea. Utaniinamia, kitaniangukia tumboni."

Daktari alipeleka mkono kisogoni, akaikuta imelegea kweli. Nesi Stumai alikwenda akaifunga upya, na Marietha alisimama pale pale akimsimamia mpaka fundo la pili lilipokaza. Ndipo akapanda mezani mwenyewe, akanyoosha gauni lake magotini.

"Haya," alisema. "Sasa naweza kulala."